Masharubu ya Nakhle

Nakhle alikuja Shule ya Marafiki kwa ajili ya supu, akabaki kwa ajili ya viti. Hivyo ndivyo alivyopenda kuwasimulia wageni maisha yake, na mgeni akicheka, yeye hucheka zaidi. Alikwisha kujua kwamba mtu asiye na mengi ya kujisifia ni heri ajicheke mwenyewe kabla hajawahiwa na wenzake.

Supu ilikuwa ya wakati wa njaa kuu, miaka ya vita vya kwanza vya dunia, nzige walipoula mlima mzima ulio juu ya Beiruti na askari wa Kituruki wakala kilichosazwa na nzige. Mama yake alimshika mkono akampandisha mpaka mlango wa jiko la shule, kitoto tumbo mbele na miguu kama vijiti vya mzabibu. Wakampa bakuli. Akamaliza, akalamba bakuli, akaendelea kusimama pale pale mlangoni. "Nilisahau kuondoka," husema mpaka leo. "Kusahau ndiyo kipaji changu."

Viti vilikuja baadaye. Shule yenyewe ilikuwa ndogo: mabweni mawili ya mawe, ukumbi, jiko, ua wenye misonobari, na chini yake kijiji cha Ain Tuta na miti yake ya miforsadi. Lakini kwa shughuli, hakuna shule ya mlimani iliyoifikia. Leo jioni ya kwaya, kesho wazazi wanakuja kutazama watoto wao wakicheza dabke na kupasua sakafu kwa visigino, keshokutwa kijiji kizima kinaalikwa kula. Na kila shughuli inataka viti. Vya ukumbini vitoke uani, vya uani virudi ukumbini, na ikinyesha katikati ya hotuba, vyote vikimbizwe pamoja na waliovikalia. Nakhle, aliyeishia darasa la tatu, ndiye aliyekuwa akivibeba.

"Wengine wamepewa karama ya kufundisha, wengine ya kuimba," alikuwa akisema. "Mimi Mungu alitazama mfuko wake, akaona umebaki mgongo tu. Akanipa."

Lakini moyoni mwake alikuwa na tamaa moja, na tamaa hiyo haikuwa ya mgongo. Alitaka kuwa mshairi wa zajal.

Mlimani kule, karamu bila zajal ni harusi bila bibi harusi. Washairi wawili wanaketi meza moja, kila mmoja na tari lake, katikati sahani ya lozi na chupa ya araki. Mmoja anatupa beti, mwenzake anajibu papo kwa papo. Kila mmoja anajisifu mpaka anaifikia nyota, kisha anamvua mwenziwe nguo mbele za watu. Nyuma yao wanakaa waitikiaji. Mshairi akimaliza mstari, wao wanaudaka na kuurudia na kuurudia, na pale ndipo mshairi anapopumua na kutafuta mstari unaofuata. Nakhle aliyajua haya yote kama ajuavyo ngazi za nyumba yake. Aliwatungia viti mashairi. Viti vilikuwa wasikilizaji wema: hakuna hata kimoja kilichowahi kuinuka na kwenda zake.

Tatizo lilikuwa Shibli. Shibli alikuwa kinyozi wa Ain Tuta, ndugu wa kuzaliwa na Saada, mke wa Nakhle. Alikuwa pia mshairi ambaye hata vijiji vya ng'ambo ya bonde vilimtumia punda aje kwenye harusi zao. Kila Nakhle alipokwenda kunyolewa, Shibli alimnyoa mara mbili, kwa wembe na kwa ulimi.

"Shemeji, nasikia umetunga," angesema. "Nani amekusikiliza safari hii, meza au kabati?"

"Kabati. Limelia machozi."

"Hilo ni vumbi, shemeji. Mwambie dada yangu alipanguse."

Sasa shuleni zajal haikuwahi kufanywa, na sababu zilikuwa wazi. Marafiki, Wakristo wa ibada ya kimya wenye shule, hawanywi. Hawatukanani. Hawajisifu. Isitoshe, Marafiki hawapigi kura. Jambo likija huketi kimya wakalisikiliza mioyoni mwao mpaka wote watulie nalo, na mmoja asipotulia, jambo linangoja. Ombi la zajal liliwahi kuletwa, likangoja miaka mpaka wengine wakasahau linangoja nini. Mwaka ule lilipita, kwa kuwa mzee ambaye moyo wake ulikuwa hautulii alihamia Beiruti kwa mwanawe.

Bi Winifrid, mkuu wa shule, Mwingereza aliyekuja mlimani akiwa msichana na kuzeekea pale, alimwita Nakhle ofisini kwake.

"Nakhle, Siku ya Zaituni tutakuwa na zajal. Shibli atatoka kijijini. Na upande wa shule tumekuwaza wewe."

Nakhle alitazama nyuma yake kuona kama kuna Nakhle mwingine.

"Ila kuna masharti," akaendelea Bi Winifrid. "Pasiwe na araki. Pasiwe na matusi wala majigambo. Na pasiwe na mshindi. Waitikiaji watakuwa wanafunzi. Nimewafundisha mimi mwenyewe."

Suala la mada nalo lilikaliwa vikao viwili. Upanga na kalamu lilikataliwa, maana upanga ni silaha. Usiku na mchana lilimhuzunisha mtu. Mwisho wakatulia na mlima na bahari, Nakhle awe mlima.

Alishuka kijijini mbio kumpa Shibli habari. Duka lilikuwa limejaa kama kawaida ya Jumamosi, watu wamekalia benchi na makreti. Shibli alisikiliza masharti yote wembe ukiwa hewani, juu ya koo la mteja.

"Bila araki, bila matusi, bila majigambo, bila mshindi. Sasa kimebaki nini, shemeji? Meza?"

"Kimebaki ushairi."

Benchi zima likacheka. Shibli akaweka wembe chini.

"Haya, ushairi. Nakuambia mbele ya hawa: beti zangu hutaweza kuzijibu. Ukishindwa, unakuja kukaa kiti hiki, nakunyoa masharubu. Mimi nikishindwa, nayanyoa yangu, na hapo nitafunga duka, maana nani atanyolewa na kinyozi mwenye mdomo wa mtoto? Apa."

Ikumbukwe kwamba Nakhle, kati ya vyote alivyokuwa navyo, alijivunia masharubu peke yake. Yalikuwa mazito, yamepinda kama pembe za beberu, na mgeni wa shule humkumbuka mtu mwenye masharubu hata akimsahau mbeba viti. Bila yale hakuwa na hakika kama kuna mtu.

"Sisi Marafiki hatuapi," alisema. "Kwetu ndiyo ni ndiyo."

"Basi ndiyo?"

"Ndiyo."

Alifika nusu ya njia ya kurudi ndipo alipokumbuka kwamba Marafiki hawawekeani dau pia.

Kutoka siku ile alianza kujiandaa. Zajal hutungwa papo hapo, na Nakhle alitumia wiki nyingi kuandaa atakachotunga papo hapo. Alikisema jikoni, alikisema ghalani. Alikisema kitandani, mpaka Saada akageukia ukutani.

"Baba Ghattas," alisema, akimwita kwa jina la mwana wao, "huo mlima nimeshaupanda na kuushuka. Niache nilale."

"Je, unaonaje lakini? Ni mzuri?"

"Mzuri. Ila ndugu yangu atakutafuna wewe na mlima wako, akatumia miti yake kuchokonolea meno."

Siku ya Zaituni ikafika. Asubuhi watoto walipiga matawi na kuokota zaituni, mchana wakamenya vitunguu kwa ajili ya kibe, yale madonge ya nyama ya kukaanga, na alasiri watu wakajaa ukumbini: wanafunzi, walimu, wazazi, kijiji chote. Nakhle alipanga viti mwenyewe, hakumwamini mtu. Kisha akavaa koti la harusi yake, ambalo sasa lilifungwa kifungo kimoja tu, akapanda jukwaani, akaketi. Miaka yote ile alikuwa hajawahi kukitazama kiti kutoka upande ule.

Shibli alianza. Akapiga tari, akafumba macho, na sauti yake ikatoka kama maji yaliyofunguliwa:

*Mimi bahari natanda, dunia naizunguka,*
*Mlima ulipoganda, hata mto hujavuka,*
*Mabegani wamepanda, mbuzi tu wanakuruka,*
*Nijibu ewe kibanda, na mvua haijashuka!*

Watu wa kijiji wakapiga kelele za furaha, wakakumbuka wako wapi, wakazimeza. Masharti yalivunjwa pale pale, lakini kwa mahadhi mazuri kiasi kwamba hata Bi Winifrid alionekana hajui akasirike na mstari upi. Waitikiaji wakasimama, wakaangaliana wasijue kama ni ruhusa kuitikia matusi, wakakaa.

Nakhle akainuka. Akanyanyua mkono wa kulia kama afanyavyo mshairi, akapiga tari kwa mkono wa kushoto, akatoa mstari wake wa kwanza:

*Mimi mlima wa kale, kilemba changu cheupe...*

Akanyamaza kungoja waitikiaji waudake.

Hawakuudaka. Bi Winifrid alikuwa amewafundisha kwa upole kwamba si adabu kumwingilia mtu anayenena, wangoje mpaka amalize kabisa. Basi wakangoja, mikono magotini, macho kwake. Mstari wa Nakhle ulikwenda mpaka ukuta wa nyuma, ukaanguka chini, na hapakuwa na mtu wa kuuokota. Naye alipousikia ukianguka, wa pili ukamtoka kichwani na wa tatu ukaufuata. Aliutafuta kwenye dari. Aliutafuta kwenye viatu vyake. Hakukuwa na kitu. Kichwa kilikuwa cheupe kuliko kile kilemba.

Mkono wake ulibaki juu. Alitaka kuushusha, akaogopa kwamba ukishuka watajua.

Ndipo Bi Winifrid, aliyekaa mstari wa mbele, akainamisha kichwa na kufumba macho.

Mwalimu wa pembeni yake akamwona, akafumba. Wanafunzi, waliozoea ibada ya kimya ya kila Alhamisi, wakafumba safu kwa safu. Kwa Marafiki, mtu akisimama na kunyamaza, ni Roho amemgusa, na wenzake humfuata kimya. Wanakijiji walipoona vile walidhani kuna msiba.

"Nani amekufa?" mama mmoja alinong'ona.

"Sijui. Vua kofia," mumewe akajibu.

Kofia zikavuliwa. Shibli, ambaye mkono wake ulikuwa tayari juu ya tari, aliushusha polepole kama mtu anayefunika mtoto. Na ukumbi ule, uliojaa watu wa mlimani ambao hata usingizini huongea, ukawa kimya mpaka yakasikika mafuta ya kibe yakichemka jikoni.

Nakhle alisimama pale mkono juu. Kwanza alijisemea: ee Mungu, nipe mstari. Baadaye akasema: basi nipe hata kikohozi. Mwisho akaomba paa lianguke, akakumbuka watoto, akaliomba lianguke upande wake tu.

Halafu Bi Winifrid akafumbua macho, akamgeukia jirani yake, akampa mkono. Na kwa Marafiki kupeana mikono ndiyo mwisho wa kimya. Ukumbi wote ukapeana mikono, majirani waliokuwa na ugomvi wa mipaka wakajikuta wameshikana bila kukusudia, na mlango wa jiko ukafunguliwa, kibe ikaingia. Zajal ilikuwa imekwisha.

"Mimi nina beti sita tumboni!" Shibli alisema, hakuna aliyemsikia. "Zimenigandia! Shemeji, umefanya nini?"

Nakhle hakumfikia. Alikuwa amezungukwa. Mjane mmoja wa kijijini alimbusu bega akilia. "Baba Ghattas," alisema, "tangu mume wangu afe sijawahi kukaa kimya bila kuogopa." Mwalimu wa Kiarabu alisema hilo ndilo shairi fupi kuliko yote aliyopata kusikia na halikuwa na kosa la mizani. Nakhle alikula kibe nne kwa aibu.

Kwa siku chache masharubu yalikuwa salama, na hapo ndipo yalipoanza kumwasha. Kila alipojitazama kwenye kioo aliona jambazi mwenye masharubu ya watu. Alitaka apimwe kama mshairi, akashindwe kama wanavyoshindwa washairi. Sasa hata kushindwa kwake kumechukuliwa na kufanywa kitu kingine, kama mtu aliyeteleza kwenye tope akashangiliwa kwa kucheza vizuri.

Kikao cha Marafiki kilipofika, Bi Winifrid alileta pendekezo kwamba kimya cha Nakhle kiwe desturi ya kila Siku ya Zaituni. Watu wakaketi kulisikiliza. Nakhle akainuka.

"Marafiki, hakukuwa na Roho pale. Nilisahau mistari."

Wakamtazama kwa upendo mwingi.

"Na nani aliyekusahaulisha, Nakhle?" Bi Winifrid aliuliza taratibu.

"Upumbavu wangu, Bi Winifrid. Nimeshindwa. Mnisaidie tu mseme nimeshindwa, yatosha."

"Hapa hakuna aliyeshindwa. Tulikubaliana."

"Mimi nimeshindwa!"

"Unyenyekevu wake," mwalimu mmoja alimnong'oneza mwenzake.

Nakhle akaona kwamba akizidi kusema watampandisha zaidi. "Basi mimi moyo wangu haujatulia," alisema, neno ambalo katika kikao kile hakuna awezaye kulivuka. Jambo likaahirishwa. Yeye akatoka pale pale, akashuka kijijini mpaka dukani kwa Shibli, akakaa kwenye kiti na kuinua kidevu.

"Nyoa."

Shibli alimtazama kwenye kioo. "Sinyoi."

"Ndiyo yangu ni ndiyo. Nyoa, bwana."

"Nikunyoe ili kijiji kiseme Shibli amemnyoa walii? Yule mjane ananipita njiani bila salamu tangu siku ile. Anadhani nilikukatiza! Isitoshe hukushindwa nami, shemeji. Umeshindwa na kichwa chako. Hiyo haihesabiki."

"Basi nishinde sasa."

Benchi zima likageuka. Aliyekuwa akisoma gazeti akalikunja.

"Sasa?" Shibli aliuliza. "Kavu kavu?"

"Mlima uko tayari. Je, bahari imekauka?"

Hapo Shibli alicheka, akageuza beseni la kunyolea, akalipiga kama tari, na wateja wakasogeza makreti karibu bila kuambiwa. Akarudia beti yake ya kwanza yote. Walipomaliza kumwitikia wakamgeukia Nakhle. Akatoa mstari wa kwanza, na kabla haujafika ukutani, sauti zikaudaka: *kilemba changu cheupe! kilemba changu cheupe!* Na ndani ya sauti zile, kama mtu anayepewa mkono gizani, Nakhle akauona wa pili, nyuma yake wa tatu, na wa nne:

*Mimi mlima wa kale, kilemba changu cheupe,*
*Wewe bahari kelele, pwani hapo ujitupe,*
*Maji yako ndiyo yale, ndimi mtoni nikupe,*
*Nikiyaziba milele, ubaki tope na kupe!*

Duka likalipuka. Mzee mmoja aliyekuwa na sabuni shavu moja alisimama akapiga kelele mpaka sabuni ikamrukia jirani. Shibli alifuta uso. Akajibu, na safari hii hakufumba macho. Alimtazama Nakhle kama mtu anayepima kina cha maji kabla ya kutia mguu. Nakhle akajibu beti ya pili, hiyo kweli hakuwa ameiandaa. Ilikuwa na mstari mmoja uliochechemea, wakamsamehe.

Ya tatu, Shibli akamwuliza: hayo maji unayojivunia, ewe mlima, uliyapata wapi? Si kwa mawingu? Na mawingu mama yao nani, kama si bahari?

Waitikiaji waliudaka mstari wa mwisho wakaurudia. Wakaurudia tena, kumpa nafasi. Wakaurudia tena na tena, muda mrefu kuliko desturi, kwa huruma. Nakhle akafungua kinywa. Hakikuwa na kitu.

Hakuna aliyeinamisha kichwa. Walipiga makreti, walipiga ukuta, wakamcheka mpaka machozi, na mmoja akamrukia Nakhle akamkumbatia kwa namna alivyoshindwa vizuri.

"Sasa nyoa," alisema Nakhle, akihema.

Shibli alinoa wembe polepole sana. "Nayapunguza tu, shemeji."

"Yote."

Yaliposhuka mapajani mwake Nakhle aliyatazama kama mtu anayetazama paka aliyekuwa wake. Kioo kilimwonyesha mdomo wa juu mrefu, mweupe, ambao haukuwa umeona jua tangu ujana wake, na ulionekana kushangaa kuliko yeye mwenyewe. Alipotoka, kuku wa kinyozi walimkimbia.

Saada alikuwa mlangoni akipepeta ngano ya bulguri. Aliinua macho, akamwona mwanamume anapanda ngazi, akajifunga kitambaa kichwani vizuri kama afanyavyo mbele ya mgeni.

"Karibu, bwana. Mwenyewe hayupo."

"Ni mimi, mke wangu."

Ungo ukasimama hewani. Akamkagua kushoto, akamkagua kulia.

"Yesu na Maria. Huu ni mdomo wa mama yako! Miaka yote hii nimelala na mama mkwe bila kujua."

"Cheka tu. Nami nimejicheka njia nzima."

Hakucheka, bado. "Kwa hiyo umeshindwa."

"Vibaya sana," alisema Nakhle, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetangaza harusi. "Beti ya tatu."

"Ya tatu? Ulifika ya tatu, wewe?"

"Nilifika."

Saada aliweka ungo chini, akafikiri kidogo.

"Na ndugu yangu, alitoka jasho?"

"Alijifuta uso mara mbili. Wote waliona."

"Ehe," alisema Saada, akamsogezea mkeka. "Basi kaa hapa uniambie polepole, usiruke kitu. Halafu nitakucheka."